Mkono Hufundwa Kijiweni

Katika gemu ya mapigano ya Tekken 7, mpinzani anayetaka kukukamata akubwage hutanguliza mkono. Ukiwa wa kushoto, unachomoka kwa kitufe cha ngumi ya kushoto. Ukiwa wa kulia, kwa cha kulia. Ikija yote miwili, unabonyeza vyote viwili kwa pamoja. Ukikosea, mara nyingi uko chini. Mgeni anayetazama haoni mkono wowote, anaona vurugu tu. Fundi ameuona, ameuchagulia kitufe na amechomoka, yote kufumba na kufumbua.

Ufundi huu si wepesi wa vidole peke yake. Picha kwenye skrini hubadilika mara 60 kwa sekunde, na kila moja wachezaji huiita fremu. Ngumi ya haraka ya Tekken hufika kwa fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Hakuna anayeiona ikija kisha akawahi kujibu. Kwa hiyo fundi hutegemea alichokwisha kukijua: pigo gani, likikingwa, humchelewesha aliyelirusha, na kwa fremu ngapi. Likimchelewesha kwa fremu 10, ngumi yako ya fremu 10 itampata tu, apende asipende. Likimchelewesha kwa tisa, atakuwa ameshakinga. Hesabu hiyo ya fremu moja hufanywa kwa makumi ya wahusika, kila mmoja na mapigo yake, huku vita vinaendelea.

Tazama pia anavyorudi nyuma. Kugusa nyuma mara mbili humfanya mhusika aruke hatua moja nyuma, na hawezi kuruka tena mpaka hatua hiyo iishe. Wakorea walieneza njia ya kuikatiza: unagusa nyuma mara mbili, unashuka kwenye pembe ya chini-nyuma ili mwili uanze kuchuchumaa, kisha unarudi nyuma na kuanza tena. Ikifanywa vizuri, mhusika huteleza mfululizo na pigo la adui hupita hewani sentimita chache mbele ya kifua chake. Hapo ndipo adui anapoadhibiwa. Mtu anaweza kukaa jioni nzima akizoeza kidole gumba kwa jambo hilo moja, na bado asubuhi likamponyoka.

Wachezaji hawaishi kubishana gemu ipi ngumu kuliko nyingine. Tekken ina vitufe vinne, kila kimoja mkono au mguu, na mpiganaji anaweza kukwepa kwa kupita ubavuni. Street Fighter ina sita, ngumi tatu na mateke matatu kwa kadiri ya uzito, na wapiganaji wako kwenye mstari mmoja; umahiri wake mkubwa ni kujua umbali, lini urushe kombora na lini umvutie mwenzako aruke. Katika Mortal Kombat, kinga ina kitufe chake. The King of Fighters inakutaka uongoze kikosi cha watu watatu, mmoja baada ya mwingine. Mbishi mwenye busara huacha kuuliza ipi bora, akauliza kila moja inamfundisha mtu kuona nini.

Lakini jicho hilo halifunguki chumbani peke yako. Ushahidi mzito umetoka Lahore. Februari 2019, Arslan Siddique, anayejulikana kama Arslan Ash, alifika Fukuoka akiwa hajulikani sana nje ya kwao, akatwaa ubingwa wa Tekken 7 katika mashindano ya Evo Japan. Kisha akasema kwamba nyumbani Pakistan wako wengine wakali kama yeye. Mkongwe wa Korea, Knee, hakuyapuuza maneno hayo: alifunga safari kwenda kucheza nao, na kipigo alikipata. Agosti mwaka huohuo, fainali ya Evo huko Las Vegas ikawa kati ya wawili hao, Arslan akashinda. Mwaka 2025 fainali ya Tekken 8 katika Evo hiyohiyo ya Las Vegas ilikuwa ya Wapakistani watupu, Arslan na Atif Ijaz.

Vijana hao walikulia kwenye kumbi za gemu, ambako anayeshindwa huinuka na mshindi hubaki kitini. Anayelijua baraza la bao anaijua shule hiyo: anayesubiri zamu hujifunza sawa na anayecheza. Kucheza kwa intaneti hakutoshi, maana umbali huongeza fremu za kuchelewa, na palipo na hesabu ya fremu moja, mtandao mzito huvuruga kila kitu. Ndiyo maana watu hupanga kukutana. Kupanga nako kuna mafundi wake: wanaotafuta skrini isiyochelewesha picha, wanaopanga ratiba ya mtoano ambayo mtu hutoka baada ya kupoteza mara mbili, na wanaotenganisha watu wa kijiwe kimoja raundi za mwanzo ili wasitoane wenyewe kwa wenyewe baada ya kuchangishana nauli.

Vibanda vyetu, Dar es Salaam hadi Nairobi, vimezoea zaidi gemu za mpira. Hata hivyo Kenya imemtoa Sylvia Gathoni, QueenArrow, aliyejipatia jina kwa Tekken, kwa hiyo mbegu ipo. Anayetaka kijiwe chake kikue asingoje ukumbi wala mdhamini. Achague siku moja ya juma isiyobadilika, skrini moja na pedi mbili, na aweke sharti moja: anayeshinda, kabla mwenzake hajainuka, amwambie pigo gani lilimponza. Bingwa anayeficha siri zake atakosa mtu wa kumnoa, na safari ya kwanza nje ya mtaa itamuumbua.