Blogger: Bure, Lakini ya Nani?

Waandishi chipukizi wenzangu, mchapishaji anaweza kukalia mswada wako miaka. Blogger haikuulizi kitu. Jukwaa hili lilianzishwa na Pyra Labs mwaka 1999, Google wakalinunua 2003. Unapewa anwani, nafasi, hata ruhusa ya kupangua sura ya ukurasa, bila senti tano. WordPress.com nayo ina nafasi ya bure, ila hubandika matangazo ya biashara pembeni mwa hadithi yako. Hapo Blogger kashinda.

Lakini jamani, cha bure kina mwenyewe. GeoCities ya Marekani ilifungwa 2009, Posterous 2013, kurasa zikazimwa. Tena humo hakuna mhariri, makosa yanatoka vilevile. Andika, ila pakua nakala kila mwezi. Kitufe kipo kwenye mipangilio. Riwaya ni jasho lako, bwana, nakala ikae kwako.