Simba Asiyeonekana: Namna Kitabu cha Watoto Kinavyopanda Jukwaani

Walimu wengi wanapoamua kuigiza kitabu cha hadithi huanza na kalamu. Huchukua maneno yaliyo ndani ya alama za mtajo, wakaandika jina la mhusika pembeni, na yote yaliyobaki wakampa mtoto mwenye sauti kubwa awe msimulizi. Matokeo yake tunayajua. Msimulizi anasema mwindaji aliingia msituni, kisha mwindaji anaingia msituni. Watoto waliokaa chini wanaambiwa jambo, halafu wanaonyeshwa jambo lilelile, na haupiti muda wanaanza kufinyana.

Hapo waigizaji hawana kosa. Kosa ni kudhani kwamba kinachohama kutoka kitabuni ni maneno. Mtoto anaposoma ana kazi nyingi: anafunua ukurasa huku akihofia kilicho nyuma yake, anakisia, anamalizia kichwani sura ya jitu ambalo mchoraji ameonyesha mkia wake tu. Kitabu kikipanda jukwaani, mtu mwingine ndiye anayefunua kurasa, na mtoto anabaki hana la kufanya. Onyesho lililofaulu ni lile lililomtafutia mtoto kazi nyingine badala ya ile aliyonyang'anywa. Tuwatazame waliofanya hivyo, kisha tuipime kanuni hiyo ndani ya darasa la Lukozi, kwa kisa ambacho wazee wa Usambara wamekisimulia miaka mingi.

Farasi aliyenyimwa sauti

Mtihani mgumu kuliko mingi ulikuwa War Horse. Michael Morpurgo alichapisha riwaya hiyo ya watoto mwaka 1982, na anayesimulia ni farasi mwenyewe, Joey, aliyetolewa shambani Uingereza akapelekwa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Yote tunayoyajua kitabuni yanatoka kichwani mwa farasi. National Theatre ya London ilipokiweka jukwaani mwaka 2007, kwa mchezo ulioandikwa na Nick Stafford, ilichukua uamuzi ambao mwalimu wa fasihi angeweza kuuita uharibifu: Joey alinyimwa sauti. Farasi wa jukwaani hasemi neno hata moja.

Alichopewa ni pumzi. Handspring Puppet Company, mafundi wa vikaragosi kutoka Cape Town, walimuunda kwa fito na kitambaa chepesi, akachezeshwa na watu watatu: mmoja kichwani, anayetembea ubavuni mwake akionekana wazi, na wawili ndani ya kiwiliwili. Kabla Joey hajapiga hatua, kifua hupanda na kushuka. Mlango ukigongwa, sikio hugeuka kwanza, kichwa hufuata. Mtazamaji anawaona wachezeshaji tangu mwanzo, na baada ya muda mfupi anakuwa kama hawaoni tena.

Hapo ndipo kazi ya msomaji ilipopatikana upya. Kitabuni mtoto aliambiwa Joey anawaza nini. Ukumbini inambidi amsome Joey kwa sikio, kwa pumzi na kwa kwato. Na yale yasiyosomeka mwilini, kama miaka kupita na watu kuvuka bahari, alipewa mwimbaji na nyimbo zake. Kwa maneno mengine, msimulizi wa kitabu hakufutwa. Aligawanywa: hisia zikaenda kwa mwili, wakati ukaenda kwa wimbo, habari zikaenda kwenye mazungumzo ya binadamu. Anayetaka kuhamisha kitabu chochote na aanze na mgawanyo huo, kabla hajaandika mstari wa kwanza.

Kitabu kifupi kinarefushwa wapi?

The Gruffalo kilileta tatizo la upande wa pili. Kitabu hicho cha Julia Donaldson, chenye michoro ya Axel Scheffler, kilitoka mwaka 1999 na maneno yake hayafiki elfu moja. Panya anapita msituni, anakutana na mbweha, bundi na nyoka, kila mmoja anamtisha kwa jitu alilolibuni, mpaka jitu lenyewe linamtokea. Kwa watoto waliolelewa na hadithi za Sungura, ujanja huo si mgeni. Kampuni ya Tall Stories ya Uingereza ilikiweka jukwaani mwaka 2001 kwa waigizaji watatu tu, na onyesho likakaribia saa nzima.

Dakika zote hizo zilitoka kwenye makutano. Kila mnyama mla nyama alipewa tabia yake, wimbo wake na namna yake ya kumbembeleza panya, na mwigizaji mmoja akawacheza wote watatu. Ni nafuu ya fedha, ndiyo, lakini ni mbinu pia. Mtoto akiuona uso uleule unarudi na vazi jingine, anajua mchezo umeanza upya na anatangulia kukisia huyu naye atakimbia vipi. Kwa hiyo kitabu kifupi hurefushwa palipo na marudio, kwa kuwa hapo mtoto tayari anajua sheria ya mchezo na ana hamu ya kuona itavunjwaje. Ukirefusha kwa kubuni kisa kipya katikati, unamrudisha darasa la kwanza.

Msimulizi wa kwetu

Huku kwetu suala la msimulizi lina majibu ya siku nyingi. Mwaka 1976 Ebrahim Hussein alitoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, michezo mifupi iliyojengwa juu ya usimulizi wa hadithi. Penina Muhando katika Nguzo Mama, 1982, alimweka Bi Msimulizi jukwaani miongoni mwa wahusika. Kazi hizo hazikuandikwa kwa ajili ya watoto wadogo, lakini zimetuonyesha kwamba msimulizi anaweza kuwa mtu mwenye mwili, shaka na maoni, badala ya kuwa kipaza sauti cha kitabu. Isitoshe, msimulizi wa Kiswahili hasimulii peke yake. Akisema paukwa, asipojibiwa pakawa hana ruhusa ya kuendelea. Msikilizaji ana zamu yake tangu neno la kwanza, na huo ni mtaji ambao London ililazimika kuutafuta kwa vikaragosi.

Amandina Lihamba na Penina Muhando huyohuyo, ambaye pia huitwa Penina Mlama, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda mbele zaidi. Katika Tuseme, mpango walioubuni mwaka 1996 kwa ajili ya wasichana wa sekondari, wanafunzi wenyewe ndio wanaochambua matatizo yao na kuyatungia maigizo. Kwa anayehamisha kitabu, njia hiyo inatoa zana moja ya bei rahisi: wasomee watoto kitabu, kifunge, waambie wakisimulie na kukicheza bila kukitazama. Wanachokumbuka wote ndio uti wa mgongo wa mchezo. Walichosahau wote kikatwe, hata kama mwalimu anakipenda. Andiko lije mwishoni, likiwa limechukua maneno waliyoyasema wao.

Mbega katika darasa la Lukozi

Sasa tupande milimani. Lukozi ni mji wa soko la mboga, njiani kutoka Lushoto kuelekea Mtae, ukishapita msitu wa Magamba. Mtoto wa hapa amekua akiona kabichi na karoti zikipakiwa kwenye malori ya Dar es Salaam na watu wazima wakivutana juu ya bei na lumbesa. Kisa kinachomfaa kipo tayari: Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu na kuwa mtawala wa Washambaa, asili ya ukoo wa Wakilindi. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi alikiandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa kwa sehemu na wamisionari wa Magila kati ya 1895 na 1907, kikatolewa tena mwaka 1962 kikiwa kimehaririwa na J.W.T. Allen. Hiki ni kitabu cha watu wazima, kirefu, chenye majina mengi. Kazi ya kwanza ni kisu: mchezo uishie Vuga, mji wa watawala, Mbega anapopokewa. Vizazi vya baadaye vya watawala, mpaka Kimweri, vibaki kitabuni.

Mwanzo wake ni mgumu kwa watoto. Mbega alitangulia kuota meno ya juu, akawa kigego, na watoto wa namna hiyo walihesabiwa kuwa ni nuksi. Hata alipokua, ndugu zake walimnyima urithi. Usimwachie msimulizi aeleze mila hiyo kwa aya nzima. Mama akae mbele na mtoto aliyefunikwa khanga, achungulie, ashtuke, kisha awageukie watazamaji na kuwaomba wasimwambie mtu. Kuanzia hapo darasa zima lina siri. Ndugu wakija kuuliza, wengine watanyamaza na mmoja atapayuka. Waigizaji wawe wamefanya mazoezi ya majibu yote mawili. Kwa wadogo inatosha kuona kwamba mtoto anaogopewa kwa jambo asilolifanya. Wakubwa waambiwe waziwazi hatima ya vigego ilikuwa nini.

Kifo cha rafiki yake, mtoto wa mtawala wa Kilindi aliyeuawa na nguruwe mwitu mawindoni, kisionyeshwe. Mbega arudi peke yake akiwa na mikuki miwili. Hesabu hiyo watoto wataifanya wenyewe.

Katikati ndipo mbinu ya marudio inapofaa. Mbega anapita vijijini na nyama, wenyeji wanampa unga na vyakula vya shamba. Weka vijiji vitatu, na mzee wa kila kijiji achezwe na mtoto yuleyule, akibadilisha kofia na ukali wa kupatana bei. Watoto wa Lukozi hawahitaji kufundishwa kupatana. Waachiwe watumie maneno ya sokoni, na umati wa kijiji ujibu kwa Kishambaa. Kiswahili kibebe simulizi ili mtoto wa mgeni asipotee, Kishambaa kibebe mzaha, salamu na nyimbo.

Kisha anakuja simba. Masimulizi yanasema Mbega alimuua simba usiku, na watu wakamheshimu kwa kazi hiyo. Kishawishi cha kumvalisha mtoto manyoya ya sufi ni kikubwa, na mtoto huyo akitokea, darasa litacheka. Taa za kuzima hakuna, ni mchana, madirisha yako wazi. Basi usiku utengenezwe na watazamaji: msimulizi akisema jua limezama, kila mtoto afumbe macho na kuyafunika kwa viganja. Safu ya nyuma, iliyoelekezwa mapema, ianze kuvuta pumzi nzito, taratibu. Mwigizaji mmoja apite kati ya watu akiburuza gunia sakafuni. Mbwa abweke mara moja, anyamaze. Pigo moja la ubao. Kimya. Msimulizi akitangaza kumekucha, macho yafunguliwe: Mbega amekaa juu ya tenga, amejifunika gunia kuukuu la katani mabegani, na hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba ile ni ngozi. Kila mtoto ameua simba wa ukubwa wake mwenyewe. Fundi yeyote wa vikaragosi asingeweza kutengeneza simba wote hao.

Chumba, mabati na sheria

Mambo machache ya kiufundi huangusha onyesho zuri. Darasa lenye paa la mabati halishindani na mvua ya masika. Mazungumzo yawe na ishara zinazojitosheleza ili mvua ikishuka mchezo uendelee bila sauti. Watazamaji wakae pande tatu, wasizidi safu nne, maana mtoto wa safu ya sita haoni ila visogo. Dakika 35 hadi 40 zinatosha. Vifaa vitoke sokoni, na kila kimoja kifanye kazi zaidi ya moja: tenga ni kiti, ni mwamba, ni ngoma.

Kuna na sheria. Kisa cha Mbega ni cha wengi na mwandishi wake wa Kiswahili alikwisha kufariki zamani, lakini kitabu cha mwandishi aliye hai, mathalani vile vilivyofika maktaba za shule kupitia Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991, ni mali yake. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kugeuza kitabu kuwa mchezo ni haki ya mwenye kazi. Barua moja kwa mchapaji kabla ya mazoezi ni rahisi kuliko ugomvi baada ya kuuza tiketi.

La mwisho ni mpangilio. Shule nyingi husoma kitabu, huigiza, kisha hukirudisha kabatini. Ni afadhali kitabu kiwe mezani siku ya onyesho lenyewe, na mchezo uishe na swali ambalo jukwaa halikulijibu. Msimulizi amtaje Buge, mtoto wa Mbega aliyezaliwa Vuga, kisha aage. Watoto wakiuliza Buge alifanya nini, mwalimu afungue Habari za Wakilindi awasomee palepale. Wasipouliza, arudi kwenye mazoezi, kwa sababu kuna mahali fulani katika mchezo wake ambapo watazamaji walibaki hawana kazi.