Bawa la Kitambaa na Ungo wa Shangazi

Shangazi yangu kule Itumba hapepeti maharage alfajiri. Huyapura mapema, huyakusanya juu ya turubai, kisha hukaa. Jua likishapanda na kuupasha mteremko joto, anachota konzi ya makapi, anaiinua usawa wa bega na kuiachia. Yakidondoka wima, anaendelea kukaa. Yakiyumba huku na huku, bado. Yakichukuliwa kwa mkondo mmoja kuelekea kilimani, hapo ndipo anaposhika ungo. Utotoni nilidhani anapumzika.

Nilimkumbuka nikiwa mbali naye, Iten, nchini Kenya, nilikokwenda Januari moja na marafiki watatu kutazama watu wanaoruka kwa paraglaida. Iten inajulikana kwa wakimbiaji, lakini mji huo, ulio kwenye kimo cha mita 2,400 hivi, umekaa ukingoni mwa bonde la Kerio, na kuanzia Januari hadi Machi marubani wa mabawa ya kitambaa hufika hapo kutoka nchi nyingi. Simama ukingoni uangalie chini: ardhi inakatika ghafla, na sakafu ya bonde iko zaidi ya mita 1,000 chini ya miguu yako. Ng'ambo kuna vilima vya Tugen. Ukuta huu wa Elgeyo unatazama mashariki, kwa hiyo jua likichomoza tu linaugonga usoni, na upepo wa kiangazi nao unatoka huko huko mashariki. Ni nadra jua na upepo kukubaliana hivyo mahali pamoja.

Tulimkuta rubani mmoja wa makamo kwenye uwanja wa nyasi. Hakuwa anaruka. Alikuwa ametandaza bawa lake chini, akaupa upepo mgongo, uso wake ukilitazama bawa, na kamba zote zimenyooka kutoka mikononi mwake. Akavuta kidogo kamba za mbele. Kitambaa kikavuta pumzi, vifuko vyake vikajaa kimoja baada ya kingine kutoka katikati kwenda pembeni, kisha bawa zima likainuka kama ukuta. Palepale alipiga hatua mbili kulifuata, ili kulipunguzia nguvu, likasimama juu ya kichwa chake. Akatembea nalo kushoto, akatembea nalo kulia, akalishusha taratibu. Akaanza upya. Alifanya hivyo kwa muda wa saa nzima, kama mtu anayemzoesha ndama kamba. Mwenzetu alimuuliza anaruka saa ngapi. Akajibu kwa upole, "Hii ndiyo kazi yenyewe, ndugu yangu."

Nami namwamini. Bawa lile lina uzito wa kilo tano hivi na halina mfupa hata mmoja. Ni nailoni nyembamba na nyuzi, basi. Umbo lake lote linashikiliwa na hewa inayoingia kwenye matundu ya ukingo wa mbele. Likienda kilomita 35 au 40 kwa saa ni bawa. Likipunguzwa mwendo kupita kiasi linarudi kuwa nguo. Ndiyo maana mikono ya rubani haitulii, ingawa ukimtazama kutoka mbali utadhani amelala kitini. Breki mbili za kamba zinampa habari muda wote: upande huu umelegea, upande ule umekaza, na anajibu kwa sentimita chache kabla jambo halijawa jambo.

Ufundi huu si wa zamani sana. Mwaka 1978 huko Mieussy, Ufaransa, Jean-Claude Bétemps na wenzake, watu wa parachuti, walichoka kugharimia ndege ya kuwapandisha, wakakimbia tu kwenye mteremko hadi miguu ikaacha ardhi. Miaka kumi baadaye Mfaransa mwingine, Jean-Marc Boivin, aliruka kutoka kilele cha Everest.

Lakini kushuka si kitu. Hewa ikitulia, paraglaida ya kawaida hupoteza zaidi ya mita moja ya kimo kila sekunde, kwa hiyo anayetaka kukaa juu sharti atafute hewa inayopanda kwa kasi kuliko anavyoshuka yeye. Mwamba mtupu na shamba lililolimwa hupata moto kabla ya kichaka. Hewa iliyo juu yake inajaa joto, inang'ang'ania ardhi kwa muda, kisha inabanduka na kupanda. Haionekani. Rubani anaitambua kwa mwewe anayezunguka bila kupiga bawa, kwa wingu dogo linaloanza kukusanyika, na kwa makalio yake, maana upande mmoja wa kiti unainuliwa. Hewa inayopanda humsukumia pembeni. Mwanafunzi hukubali kusukumwa. Fundi hugeukia upande ule ule ulioinuliwa, anaingia ndani, anazunguka, na katika kila mzunguko anasogeza duara lake kidogo kuelekea palipo na nguvu.

Siku ya pili yule rubani alitupeleka ukingoni. Aling'oa nyasi, akaziachia. Akasubiri. Akaziachia tena. Chini bondeni kisulisuli kilikuwa kinanyanyua vumbi jekundu. Kufikia saa sita mchana alikunja bawa, akalifunga begani, akasema tukanywe chai. Tulinyong'onyea, maana tulikuwa tumetoka mbali. Sasa naona kwamba hicho ndicho kipande cha ufundi alichotuonyesha bila kutuficha chochote.

Mwanzoni mwa 2013 marubani wengi walipanda Kilimanjaro, mita 5,895, wakiwa na mabawa mgongoni. Hali ya hewa iliwakatalia, na wengi wao wakashuka kwa miguu. Kwenye nchi za theluji ni hivyo hivyo. Marafiki wanaopanda milima isiyo na njia hubandika chini ya ski, mbao zao za kutelezea thelujini, utepe wenye manyoya yaliyolalia upande mmoja, unaoteleza kwenda mbele na kukataa kurudi nyuma. Hupanda hivyo saa nyingi, kisha huchimba shimo, wanapima tabaka za theluji kwa vidole, na wakikuta tabaka dhaifu chini ya zito, wanarudi nyumbani. Hata kujifunza theluji yenyewe kunataka subira: Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya kutoka Eldoret, upande ule ule wa Iten, alijifunza ski ukubwani. Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, mwaka 1998, alimaliza mbio za kilomita 10 akiwa wa 92. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri mwishoni akamkumbatia. Nadhani Dæhlie aliona mkono unaojifunza.

Julai, Ileje ikiwa kwenye baridi yake ya kuuma, nilirudi Itumba. Shangazi alikuwa ameketi kando ya turubai, kitenge mabegani, maharage yamepurwa. Nilimsimulia habari za Iten, za yule mtu na nyasi zake. Alisikiliza bila kunitazama.

"Upepo wake unatoka wapi?" akauliza.

"Bondeni, shangazi. Unapanda."

Akaitika kwa kichwa. Akachota makapi, akanitilia mimi kiganjani, safari hii akataka niyaachie mwenyewe. Niliyaachia. Yakayumba, yakarudi, yakaangukia miguuni mwangu.

"Bado," akasema, akanisogezea kigoda.