Vitabu juu ya Msimbo wa Kompyuta, Lugha na Utamaduni

Maandishi ambayo mtu huiandikia kompyuta ili itende kazi, yaani msimbo, yamehesabiwa kwa muda mrefu kuwa mali ya wahandisi na wanahesabu peke yao. Mtaalamu wa lugha huyapita kama mtu apitavyo mlango wa karakana: husikia nyundo, lakini hadhani kuwa ndani mna neno la kumhusu. Maandiko yaliyotolewa tangu mwaka 1960 hata 2020 yaonyesha kuwa dhana hiyo si sahihi. Msimbo una sarufi, una msamiati na una mtindo. Wasomaji wake ni wa namna mbili: mashine, ambayo hutii bila ya kuelewa, na mtu, ambaye hana budi aelewe kabla ya kurekebisha lolote. Kila andiko laweza kupimwa kwa swali moja: limemwona msomaji yupi kati ya hao wawili? Kwa Kiswahili swali hilo ni zito, maana kijana anayejifunza kazi hii Dar es Salaam au Mombasa huanza na maneno ya Kiingereza, wala haambiwi yapi kati yake ni ya lazima na yapi ni ya mazoea tu.

La kwanza kusomwa ni hotuba ya Grace Hopper, iliyomo katika History of Programming Languages, kitabu kilichohaririwa na Richard Wexelblat na kutolewa mwaka 1981 kutokana na mkutano wa Los Angeles wa mwaka 1978. Hopper aeleza jinsi yeye na wenzake walivyounda FLOW-MATIC katika miaka ya 1950, lugha iliyotumia maneno ya Kiingereza mahali pa alama za hesabu. Ili kuonyesha kuwa mashine haijali maneno yenyewe, amri zile zile ziliandikwa pia kwa Kifaransa na kwa Kijerumani, na kazi ikatendeka vile vile. Wakuu wa kampuni walishtuka: kompyuta iliyoundwa Philadelphia ingewezaje kufahamu Kifaransa au Kijerumani? Ikabidi waahidiwe kuwa Kiingereza tu ndicho kitakachotumika. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, lakini ni ushahidi mkubwa. Kiingereza hakikushika nafasi ile kwa kuwa mashine ilikihitaji. Kilishika kwa kuwa wenye fedha hawakuweza kuwaza lugha nyingine. COBOL, iliyoanza kutungwa mwaka 1959, ilirithi mengi ya FLOW-MATIC, hata ikaita sehemu zake kwa majina ya sarufi: kitenzi, sentensi, aya. Upungufu wa Hopper ni kuwa hakuuliza kama ubadilishaji wa neno kwa neno ungefaa kwa lugha isiyo na umbo kama la Kiingereza.

Taarifa ya ALGOL 60, iliyohaririwa na Peter Naur, ilishika njia nyingine. Humo neno kama begin au end huhesabiwa kuwa alama moja, isiyo na uhusiano wowote na herufi zinazoliunda. Taarifa ilitenga lugha ya marejeo, lugha ya uchapaji na maandishi ya kila mashine, hata mtu wa nchi yoyote angeweza kuweka neno lake mahali pa begin pasipo kuivunja lugha. Ni andiko kavu, nalo lataka subira. Lakini mwanaisimu ataona humo tofauti ya alama na kiashiriwa ikitumika kazini. Hata hivyo, ruhusa iliyotolewa kwa wote ilitumiwa na wachache, na maneno ya Kiingereza ndiyo yaliyoenea.

Msomaji binadamu aliheshimiwa zaidi katika miaka ya 1980. Donald Knuth, katika makala yake ya mwaka 1984 iitwayo Literate Programming, ashauri kuwa programu iandikwe kama insha, maelezo yakitangulia na amri zikifuata mpango wa fikira za mtu. Harold Abelson na Gerald Jay Sussman, pamoja na Julie Sussman, walishika imani iyo hiyo katika Structure and Interpretation of Computer Programs cha mwaka 1985: programu huandikwa kwanza kwa ajili ya watu. Vitabu hivyo ni vya ufundi, navyo havimfai asiyetaka kufanya mazoezi. Lakini mafundisho yao juu ya mtu ndiyo msingi wa yote yaliyofuata.

Kati ya vitabu vya uhakiki, kilicho bora ni Critical Code Studies cha Mark C. Marino, kilichotolewa mwaka 2020. Marino asoma msimbo kama mhakiki asomavyo shairi: atazama majina yaliyochaguliwa, maelezo yaliyoachwa pembezoni, na mazingira ya mwandishi. Sura yenye nguvu ni ile ihusuyo barua na programu zilizovujishwa mwaka 2009 kutoka Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza. Wapinzani wa elimu ya tabia nchi walichukua maelezo mafupi ambayo mtunga programu aliandika kando ya hesabu, wakayafanya ushahidi wa hila. Chunguzi kadhaa za baadaye hazikuona udanganyifu. Maneno ambayo mashine huyaruka bila ya kuyasoma yaliweza kutikisa siasa za mataifa; hakuna mfano bora wa kuonyesha kuwa msimbo husomwa na watu. Kasoro ya njia hii ni kuwa mhakiki aweza kuona maana kila mahali. Kitabu cha Nick Montfort na wenzake tisa, kilichotolewa mwaka 2012, chatumia kurasa zake zote kueleza programu ya mstari mmoja ya kompyuta ya Commodore 64. Chafundisha mengi, ila mahali pengine maelezo yamekuwa mazito kuliko kielezwacho.

Vikram Chandra, mwandishi wa riwaya wa India aliyewahi kujipatia riziki kwa kutunga programu, aweka mpaka unaohitajika. Katika Geek Sublime, kilichotolewa Marekani mwaka 2014, akumbusha kuwa sarufi ya Panini ya Kisanskriti, yenye kanuni karibu 4,000, ilikuwa na utaratibu kama wa mashine karne nyingi kabla ya mashine. Kisha, kwa kumfuata Anandavardhana, aeleza kuwa uzuri wa shairi umo katika kile kinachodokezwa bila ya kutajwa. Msimbo hauwezi kuachia mashine kitu cha kudokezwa. Kwa hiyo wale wanaosema kuwa programu nzuri ni shairi wamekosa kupima. Chandra hana chuki na kazi yake ya zamani. Ila aipa kila sanaa haki yake. Aliyezoea fumbo la Kiswahili na ndani yake ataelewa hoja hii upesi kuliko wengine.

Juu ya elimu, Annette Vee, katika Coding Literacy cha mwaka 2017, alinganisha kuenea kwa msimbo na kuenea kwa kusoma na kuandika, na aonya kuwa elimu yoyote ya namna hiyo hubeba matakwa ya waienezao. Mwaka huo huo Sayamindu Dasgupta na Benjamin Mako Hill walitoa utafiti juu ya wanafunzi wa Scratch, lugha ya programu ya kufundishia. Waanzao waliotumia amri zilizofasiriwa kwa lugha kuu ya nchi yao walidhihirisha maarifa mapya upesi kuliko wenzao wa nchi hizo hizo waliotumia Kiingereza. Makala hiyo ni fupi, lakini huondoa shaka ya wanaodai kuwa lugha ya amri haina athari.

Hapa mwanasarufi wa Kiswahili ana neno la kuongeza ambalo halimo katika maandiko hayo. Kifaransa na Kijerumani, kama Kiingereza, vina neno la sharti lisimamalo peke yake. Kiswahili kina kama na ikiwa, lakini mara nyingi sharti lake limo tumboni mwa kitenzi: akifika, asipofika, angefika. Tena watunga programu hupenda jina moja lifae vitu vingi. Jina isEmpty, liulizalo iwapo kitu hakina kitu ndani, hufaa kwa kila chombo, maana Kiingereza hakina upatanisho wa ngeli. Kwa Kiswahili kikapu ni kitupu, sanduku ni tupu, na mfuko ni mtupu. Jina moja halitoshi, isipokuwa mtunzi akimbilie nomino kama utupu, isiyofungwa na kitu kinachosifiwa. Hata tahajia ina mtego: ng'ombe haliwezi kuwa jina la kitu katika lugha nyingi za programu, kwa sababu ritifaa imetengewa kazi nyingine.

Kwa hiyo kufasiri maneno ya amri ni mwanzo tu. Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilimpa mtumiaji maneno ya Kiswahili kwenye kioo. Maandishi asomayo mtunga programu ni shamba jingine. Nalo ni pana, maana lugha ya C, katika usanifu wake wa mwaka 1989, ilikuwa na maneno 32 tu ya lazima. Majina na maelezo mengi huchaguliwa na mwandishi. Itasemwa kuwa programu yenye majina ya Kiswahili huwafungia mlango wasomaji wa ng'ambo. Hoja hiyo ni ya kweli kwa kazi inayoshirikisha mataifa. Si ya kweli kwa darasa la Morogoro au hesabu za chama cha ushirika, ambako msomaji wa kesho ni jirani wa mwandishi. Mwenye nafasi ya kusoma vitabu viwili tu na ashike Marino na Chandra, akitanguliza hotuba ya Hopper. Kisha achukue programu moja fupi, aandike upya majina na maelezo yake kwa Kiswahili, aone ngeli zitamkataza wapi.