Hatua Moja Nyuma

Pedi za Sega za kibanda cha gemu mtaani kwetu zilikuwa na batani tatu, na Street Fighter II ni mchezo wa batani sita: ngumi tatu, nyepesi, ya kati na nzito, na mateke matatu ya mpangilio huohuo. Watengenezaji walilijua tatizo hilo wakaweka ujanja. Ukibonyeza Start katikati ya pambano, batani za ngumi zinageuka za mateke. Ukibonyeza tena, ngumi zinarudi. Sisi hakuna aliyetuambia. Karibu mwaka mzima nilipigana kwa ngumi tupu, nikiamini kwamba mateke ni ya kompyuta na ya watoto waliokuwa na pedi kubwa majumbani kwao.

Aliyenifumbua macho ni kijana tuliyemwita Babu, ingawa hata ndevu zilikuwa hazijamtoka. Jina alilipata kwa kutokuwa na haraka. Sisi wengine tukishika pedi tulizibonda batani kama mtu anayetwanga kisamvu, tunaruka huku na huko, tunapiga kelele. Babu alimchagua Guile, yule askari wa Kimarekani mwenye nywele zilizosimama kama brashi ya kusugulia sakafu, akachuchumaa naye upande wake wa skrini, akatulia. Ukimrukia, teke la kupinduka linakupokea hewani. Ukimngoja, anakurushia upepo wa duara kutoka mikononi, kisha anachuchumaa tena. Mshindi alibaki, aliyepigwa alitoka. Sarafu za shilingi 20 zilipangwa foleni juu ya televisheni, na zangu hazikudumu pale. Tulimwita mwoga. Hakujibu.

Nilichelewa sana kuelewa alichokuwa akifanya. Katika gemu hizi wapiganaji wawili wanaonekana kwa ubavu, wametazamana. Kuna mbele na nyuma, juu na chini, basi. Hakuna kumzunguka mtu. Na katika Street Fighter kujilinda hakuna batani yake. Kurudi nyuma ndiko kujilinda. Ukisukuma nyuma mwenzako akiwa ametulia, unatembea kinyumenyume; akikupiga, mhusika wako anainua mikono na kukinga. Ukisukuma pembe ya chini-nyuma, anachuchumaa na kukinga mateke ya miguuni na mapigo mengi ya kawaida, ila anayekujia kutoka juu inabidi umkinge umesimama.

Sasa mtazame Guile. Upepo wake hutoka kwa kushikilia nyuma kwa muda, kisha kusukuma mbele ghafla pamoja na ngumi. Teke lake la kupinduka hutoka kwa kushikilia chini, kisha juu pamoja na teke. Kwa hiyo mtu aliyebana pembe ya chini-nyuma anafanya kazi tatu kwa kidole kimoja: amejikinga, anajaza upepo, anajaza teke. Ule tuliouita uoga ulikuwa bunduki inayopakiwa risasi mbele ya macho yetu.

Nikiulizwa leo na mtu anayetaka kuanza, aanzie wapi, humwambia aanzie hapo, kwenye kurudi nyuma. Hafurahi. Anataka kombo, yale mapigo kumi yanayofuatana bila mwenzako kupata pumzi, aliyoyaona kwenye video. Namwelewa, lakini kombo ni malipo ya kosa la mtu mwingine, na asiyejua kulingoja kosa hana mahali pa kuzitumia. Tena kombo zenyewe hazikupangwa. Street Fighter II ya mwaka 1991 ilipokuwa ikitengenezwa na kampuni ya Capcom, Noritaka Funamizu, mmoja wa waliousimamia mradi, alikuwa akijaribu ile hatua ya ziada ya kuvunja gari akagundua kwamba pigo moja linaweza kushikana na jingine kabla la kwanza halijaisha. Waliona ni jambo gumu mno mtu kulifanya kwa kusudi, wakaliacha humohumo. Dunia nzima ya gemu za mapigano imejengwa juu ya kitu kilichosamehewa.

Hata batani sita zenyewe zina kisa. Street Fighter ya kwanza, ya mwaka 1987, ilitoka na mashine yenye pedi mbili kubwa za mpira; ulizipiga kwa mkono, na nguvu uliyopiga nayo ndiyo iliyoamua kama ngumi ni nyepesi au nzito. Nafikiria ingekuwaje kibandani kwetu. Tungeivunja kabla ya adhuhuri.

Baada ya kujua kurudi nyuma, jifunze kitu kimoja cha mkono, nacho ni Hadoken ya Ryu, mmoja wa wapiganaji wa Street Fighter. Sisi tulitamka "aduke". Maana yake kwa Kijapani ni kitu kama ngumi ya wimbi, na ni mpira wa nguvu unaosafiri kuvuka skrini. Amri yake ni chini, chini-mbele, mbele, kisha ngumi. Anayeanza hufanya chini, halafu mbele, anaruka ile pembe ya katikati, Ryu anarusha ngumi ya kawaida hewani na mchezaji anailaumu pedi. Kidole gumba hakitakiwi kuruka. Kinateleza bila kuinuka, kama unapangusa mchuzi ukingoni mwa sahani, na ngumi inabonyezwa kidole kinapofika mwisho wa mpanguso. Mara ya kwanza ilipotoka kwa kusudi, baada ya siku nyingi za kutoka kwa bahati, nilitazama kidole changu kwanza, kina lengelenge, ndipo nikatazama skrini. Nilikuwa nimeshapigwa.

Kisha Shoryuken, ngumi ya joka linalopaa: mbele, chini, chini-mbele, ngumi. Hii ni ngumu kwa sababu ambayo vidole peke yake havielezi. Inaanza na mbele. Mtu anakurukia, kila kitu mwilini kinakwambia shika nyuma ujikinge, na wewe unatakiwa uache kinga, umwendee kwanza. Wengi wanaijua amri hii vizuri kabisa wakiwa peke yao, mwenzao akiruka tu, kidole kinakimbilia nyuma.

Ukiwa na hizo mbili tayari unaweza kuzungumza. Unarusha Hadoken ukiwa mbali. Mwenzako ana la kufanya: aikinge na kupoteza chembe ya uhai, au airuke. Akikinga, unarusha nyingine, lakini si kabla ya ile ya kwanza kuisha, maana katika Street Fighter II mpira wa Ryu ni mmoja tu kwenye skrini. Akichoka anaruka. Alichoruka kukwepa ndicho ulichokitupa ili aruke, na Shoryuken inamngoja huko juu. Akiwa mjanja, anajua unataka aruke, anatembea, anakinga, anatembea tena, hatua kwa hatua, mpaka anafika mahali ambapo ukirusha tu amekuruka na kukupiga kabla mikono yako haijarudi. Basi unaanza kumtishia kurusha bila kurusha. Hapo hamjagusana hata mara moja na mchezo umeshapamba moto.

Anayecheza bao la Kiswahili anaijua hali hii. Mtu asiye na mtaji hutakata tu, anazisogeza kete zake, na mpita njia anaona hakuna kinachoendelea, wakati wazee wa barazani wameshaanza kuguna. Kutembea mbele kidogo, nyuma kidogo, nje tu ya urefu wa mguu wa mwenzako, ni kutakata. Unampa nafasi ya kurusha teke litakalokosa kwa inchi moja, kisha mguu wake ukiwa bado umenyooka, unaupiga.

Kila sekunde ya gemu hizi imegawanywa picha 60, nazo huitwa fremu. Ngumi nyepesi ya Ryu inafika kwa fremu chache tu, nne hivi. Jicho la binadamu hadi kidole huhitaji kama robo ya sekunde, yaani fremu 15. Kwa hesabu hiyo hakuna anayeiona ngumi nyepesi ikija akaikinga. Aliyeikinga alikuwa ameshashika nyuma kwa kujua kwamba hapo alipo inaweza kuja. Kuruka ni jambo jingine: mtu huwa hewani zaidi ya nusu sekunde, muda wa kutosha kumwona na kumpokea. Mambo mengine hutazamwa, mengine hukisiwa, na mwanzoni nilikuwa nayatazama ya kukisia na kuyakisia ya kutazama.

Kibandani tulikuwa na sheria moja iliyotangazwa kila siku: kukaba hakuna. Ukimsogelea mtu katika Street Fighter ukasukuma upande mmoja na kubonyeza ngumi nzito, unamshika na kumtupa, na kinga haimsaidii. Tuliona ni ushamba. Mwanamume anapiga, hakumbatii. Mtoto wa jirani aliyekaba mara mbili katika raundi moja alinyang'anywa pedi na nusura azabwe kibao cha kweli. Miaka mingi baadaye, nikisoma jinsi gemu hizi zinavyopimwa uzani, niliwaza jambo likanichekesha peke yangu ndani ya daladala. Pigo hushindwa na kinga. Kinga hushindwa na mkabo. Mkabo hushindwa na pigo linalotangulia. Ukiondoa mguu mmoja wa jiko hilo, sufuria inamwagika. Sisi tuliharamisha kitu kinachomwondoa mtu aliyechuchumaa kwenye kinga yake, halafu tukashangaa Babu hapigiki. Ngome ile tulimjengea wenyewe, na kila aliyekaribia kuibomoa tulimzomea.

Babu aliijua sheria hiyo inamfaa nani. Hakuwahi kuipigia kelele wala kuipinga.

Lakini kurudi nyuma kuna mwisho wake. Kila hatua inakula uwanja, na skrini ina ukuta. Aliyebanwa ukutani bado anakinga, ila hana tena pa kurudi kumfanya mwenzake akose. Na kinga yenyewe huvuja: mapigo maalumu, hata yakikingwa, humega uhai. Kwa hiyo inaweza kufika saa ambapo kujilinda ndiko kutakakokuua.

Saa hiyo iliwahi kuonekana hadharani. Mwaka 2004, katika mashindano ya gemu za mapigano ya Evo yaliyofanyika chuo kikuu cha Cal Poly Pomona, California, Daigo Umehara wa Japani alikuwa akipambana na Justin Wong wa Marekani katika Street Fighter III: 3rd Strike. Daigo alikuwa na mhusika Ken, Justin na Chun-Li, na uhai wa Ken ulikuwa umebaki uzi. Justin akaachia pigo kuu la Chun-Li, mateke 15 mfululizo. Ken akikinga, mmego wa kinga tu unammaliza. Street Fighter III, mfululizo ulioanza mwaka 1997, ina njia ya pili: badala ya kushika nyuma, unagusa mbele kwa wakati uleule pigo linapofika, nalo linapanguliwa bila kukudhuru. Ukiwahi au ukichelewa, huna kinga kabisa. Daigo aligusa mbele kwa kila teke, lile la mwisho akiwa ameruka, akatua na kombo iliyomaliza raundi. Video yake ina kelele za ukumbi zinazopanda teke baada ya teke, watu wakisimama kabla hata hajashinda. Mashindano yenyewe hakuyachukua, alipoteza fainali. Hilo silisikii likisemwa mara nyingi, na mimi hulipenda kuliko mengine.

Sipendi sana kuwahesabia watu vikombe, ila mwaka 2017 mashindano ya Capcom Cup yalichukuliwa na kijana wa Jamhuri ya Dominika anayecheza kwa jina la MenaRD, akiwa na Birdie, bonge la mtu mwenye minyororo ambaye wengi hawakumtia maanani. Visiwani kule hawakuwa na jirani wa kila namna wa kujipimia naye. Wengi wetu huku pia ni hivyo, tunategemea intaneti, na ukiwa Dar es Salaam unacheza na mtu aliye Ulaya, ngumi yako inachelewa kama salamu kutoka upande wa pili wa mto. Tony Cannon, mmoja wa waasisi wa Evo, aliandika programu iitwayo GGPO kupunguza karaha hiyo. Wakati taarifa za mwenzako hazijafika, mashine inakisia kwamba anaendelea na alichokuwa akifanya. Ikikosea, inarudi nyuma fremu chache, inarekebisha, inaendelea. Mara nyingi hukisia sawa, kwa kuwa watu hatubadiliki kila fremu. Nilipolielewa hilo nilimkumbuka Babu.

Siku hizi nacheza na mpwa wangu, binti wa miaka kumi na mmoja, kwa pedi zenye batani za kutosha. Miezi ya kwanza alitwanga kisamvu kama tulivyotwanga sisi, na nilimwacha, maana utamu wa mwanzo ni ule. Nilimwonyesha kukaba siku ya kwanza kabisa.

Jumapili iliyopita aliniuliza, "Mjomba, mbona hupigi?"

"Nakungoja wewe."

Akanyamaza. Mlio wa batani zake ukakatika, na kwa mara ya kwanza nikausikia muziki wa gemu wote. Chun-Li wake akasogea mbele, akasita pale ambapo teke langu linaishia, akarudi hatua moja. Kidole changu kilikuwa kimeshabonyeza.