Ununuzi wa "Kienyeji" na Afisa Mwenye Kofia Mbili

Imetufikia rasimu ya tafsiri, iliyokusudiwa kufundishia makarani, ieleezayo jinsi vikosi maalumu vya Marekani vinavyojipatia mahitaji vikiwa mbali na bohari zao. Hatuna neno na "lojistiki" iliyotumika humo. Ugavi ni sehemu yake tu, kwani uchukuzi na matengenezo yamo pia. Lakini istilahi tatu zimetutia mashaka.

Ya kwanza ni "ununuzi wa kienyeji". Asikiapo "kienyeji", msomaji humkumbuka kuku au mganga, naye atadhani askari hujinunulia apendavyo. Sivyo. Oktoba 2001 kikosi cha watu 12 kilitua kaskazini mwa Afghanistan, kikasafiri kwa farasi. Kikosi cha namna hiyo kina mabingwa wa silaha, uhandisi, tiba na mawasiliano, ila hakina cheo cha mtunza bohari. Kisicholetwa na ndege hutafutwa soko la karibu, kwa fedha taslimu. Twapendekeza "ununuzi wa mahali".

La pili ni zito zaidi. Rasimu yawaita watu wawili kwa jina moja, "afisa manunuzi". Kwa taratibu za Jeshi la Marekani, mmoja huteuliwa kwa maandishi aagize vitu visivyozidi kiwango alichowekewa. Mwingine hushika fedha na kulipa. Mwenye kuagiza hashiki fedha, na mwenye fedha haagizi. Kuwapa jina moja ni kuivunja kufuli iliyowekwa makusudi. Sisi twasema "afisa mwagizaji" na "wakala mlipaji". Mwenzetu mmoja alipendelea "mshika masurufu", neno lililozoeleka maofisini, nasi tulikaribia kukubali. Lakini masurufu hupewa mtu akayatumia mwenyewe kisha akayarejeshea hesabu, kwa hiyo tungerudi kule kule tulikotoka.

La tatu lilituchekesha kwanza. "Ni marufuku kugawa manunuzi," yasema rasimu. Karani atafahamu kwamba mchele ukishanunuliwa askari wasigawiwe! Kinachokatazwa ni kulivunja agizo moja kubwa kuwa madogo madogo ili kila moja liwe chini ya kiwango. "Kumegamega agizo" kungetosha, na sahihisho hilo lifanywe kabla rasimu haijafika darasani.