Uhakiki wa Urekebishaji wa Mipangilio ya Ghala la Masasisho katika Taswira za Mfumo Endeshi: Mfano wa CentOS Linux 8

Taswira ya mfumo endeshi ni nakala iliyogandishwa ya mfumo mzima: programu zake, mafaili yake na mipangilio yake, ikiwamo anwani ya ghala ambako mfumo huchukua masasisho. Nakala hiyo haibadiliki, ilhali ghala inalolitegemea hubadilika. Sehemu hii inahakiki namna mgongano huo unavyorekebishwa, kwa kutumia mfano wa CentOS Linux 8. Hoja ya msingi ni kwamba urekebishaji uliozoeleka huondoa kosa linaloonekana na kuliacha tatizo lililozaa kosa hilo.

Tarehe 8 Desemba 2020, mradi wa CentOS ulitangaza kwamba toleo la 8, ambalo awali lilitarajiwa kuhudumiwa hadi mwaka 2029, lingefikia ukomo tarehe 31 Desemba 2021. Mwishoni mwa Januari 2022, vifurushi vyake viliondolewa katika seva za kawaida za usambazaji na kubaki katika seva ya kumbukumbu, vault.centos.org. Taswira zilizokwisha kutengenezwa ziliendelea kuielekea anwani ya zamani. Aliyejaribu kujenga kontena juu ya taswira hizo na kuongeza programu alipata ujumbe kwamba orodha ya seva haiwezi kuandaliwa, na kazi ikakwama.

Suluhisho lililoenea ni amri fupi. Katika mafaili yaliyomo kwenye /etc/yum.repos.d/, mistari ya mirrorlist huwekewa alama ili isisomwe, kisha anwani ya baseurl huelekezwa kwenye seva ya kumbukumbu. Kwa kigezo cha utendaji, suluhisho hili linafaa: vifurushi hupatikana na ujenzi huendelea. Kwa kigezo cha usalama, lina kasoro kubwa. Ghala la kumbukumbu halipokei kiraka kipya, hata udhaifu ukigunduliwa leo. Mfumo uliokwisha kuchukua vifurushi vya mwisho vya ghala hilo, ukiulizwa kama kuna sasisho, hujibu kwamba hakuna la kufanya. Jibu hilo halitofautiani na lile la mfumo unaohudumiwa na uliokamilisha masasisho yake yote. Kabla ya urekebishaji, kosa lilimwambia msimamizi kwamba mfumo wake umeachwa. Baada ya urekebishaji, hakuna kinachomwambia.

Kiswahili kinaidhihirisha kasoro hiyo vizuri. Kitenzi kusasisha kimetokana na neno sasa. Maana yake ni kukifanya kitu kiwe cha sasa. Ghala lililofungwa linaweza kutoa kilichokuwa cha mwisho, lakini haliwezi kutoa kilicho cha sasa. Hivyo basi, mipangilio inayolitaja kuwa chanzo cha masasisho ni tamko lisilo la kweli, hata kama anwani yake ni sahihi.

Hata hivyo, si kila badiliko la mipangilio linastahili lawama hii. Debian 11, iliyotolewa Agosti 2021, ilibadili mtindo wa jina la ghala la usalama: buster/updates ya Debian 10 ilifuatwa na bullseye-security. Aliyebadili neno buster pekee kuwa bullseye katika mipangilio yake aliambiwa kwamba ghala halipo. Kurekebisha jina hilo kuliurudisha mfumo kwenye ghala lililokuwa likipokea viraka. Marekebisho ya aina hizi mbili yanafanana kwa umbo, kwani yote hubadili maneno machache katika faili moja au mawili. Yanatofautiana kwa matokeo, na miongozo mingi inayotoa amri bila maelezo haimsaidii msomaji kuiona tofauti hiyo.

Inaweza kujengwa hoja kinzani kwamba seva ya kumbukumbu ina matumizi halali. Hoja hiyo ina uzito. Mtafiti anayerudia jaribio la mwaka 2020 anahitaji vifurushi vilevile vilivyotumika wakati huo, na bila kumbukumbu hawezi kuthibitisha matokeo yake. Lakini hitaji lake ni uthabiti, si usasa. Taswira yake inaweza kutumika mahali pasipofikiwa na mtandao wa nje, na ikaandikwa wazi kwamba haipokei masasisho. Seva inayohifadhi taarifa za watu haina udhuru huo. Kwa seva ya namna hiyo, kuelekeza mipangilio kwenye kumbukumbu kunaweza kukubalika kama hatua ya muda tu, wakati wa kuhamia mfumo unaohudumiwa, kama vile AlmaLinux au Rocky Linux.

Kutokana na uhakiki huu, inapendekezwa kwamba urekebishaji wa taswira upimwe kwa swali moja kabla ya kuangalia kama ujenzi umefaulu: je, ghala linaloelekezwa bado linapokea viraka? Kama halipokei, taarifa hiyo iandikwe ndani ya taswira yenyewe, ili atakayeirithi asiuchukulie ukimya wake kuwa ni usalama.